Koki ya Tatu

Wageni hupanda Lushoto kufuata baridi.
Wanavaa makoti yenye harufu ya kabati,
wanapiga picha pumzi zao zikitoka mdomoni,
halafu wanaoga maji ya moto. Wanaoga mno.

Mimi hupokea kinachobaki.
Chini ya jiko, nyuma ya mikaratusi,
nina mabwawa matatu na bustani ya matete,
fito yenye alama za rangi ya kucha,
chupa kumi na mbili za sampuli, na daftari.
Humo naandika joto la maji, rangi, harufu.
Harufu naipa maksi kama mwalimu wa insha.

Watu hudhani kazi yangu ni uchafu.
Kazi yangu ni ufugaji.
Nina mifugo isiyoonekana, haina pembe wala mlio,
usiku na mchana inakula walichoacha wenye pesa;
ila Julai ikifika, ukungu ukashuka hadi mlangoni,
inajikunyata kama sisi, hamu ya kula inakwisha.
Ndiyo shida ya milima: hoteli hujaa
wakati mifugo yangu imelala.

Jumamosi ile ilikuwa harusi. Vyumba sitini na viwili.
Saa tatu usiku pampu ya kwenda bwawa la pili
ikakohoa, ikanyamaza.
Bwawa la kwanza likaanza kupanda fito:
nyekundu, ya waridi, zambarau.
Juu ya zambarau sijawahi kuweka alama.

Bwana Temba akaja na mwavuli na viatu vya harusi.
"Fungua koki ya tatu," akasema. "Yaende mtoni.
Usiku huu, ukungu huu, nani ataona?"

Nani ataona.
Nikamfikiria shangazi Nakijwa, kule bondeni,
anayeamka saa kumi na moja kuosha karoti mtoni,
gunia baada ya gunia, vidole vimekufa ganzi,
na ile ya mwisho huivunja, huitafuna palepale
ajue kama ni tamu.
Karoti hizo hupanda lori, nusu Tanga, nusu Dar,
na kapu moja hurudi juu, mlango wa jikoni,
zikatwe nyembamba kwa ajili ya maharusi.

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki.
Hawakusema huchukua siku ngapi kuwa ya kale.
Mimi najua: ishirini na moja wakati wa joto,
thelathini na kitu baridi hii.

Nikashika koki. Siyo ya tatu.
Nilipanda ngazi hadi tangi kuu,
penye bomba linaloingia vyumbani,
nikafunga.

Kukawa kimya. Kisha mlango, mlango mwingine,
kengele ya mapokezi, na bwana mmoja wa Upanga
povu hadi masikioni, amejifunga pazia,
anauliza mkubwa wa hapa ni nani.
Bi harusi, nikaambiwa, alinawa uso kwa soda.

Fundi Singano alifika saa saba na nusu kwa pikipiki,
mkanda mpya wa pampu ameuvaa shingoni kama shada.
Bwawa lilikuwa limebakiza upana wa kidole.

Barua yangu ya onyo imo ndani ya daftari.
Inanisaidia kujua nimefika ukurasa gani.

Asubuhi shangazi alipiga simu. Hakuwa na habari.
Alitaka kujua kama nimepata koti zito,
akalalamikia bei ya karoti, akalalamikia goti.
"Na maji je?" nikamwuliza.
"Maji gani? Maji ni maji," akasema. "Ya baridi."

Nikafungua daftari, safu ya maoni.
Nikaandika: ya baridi.